Taa Zinarudi Mbarara Usiku Uleule

Leo hatuandiki juu ya waimbaji. Tunaandika juu ya watu wanaofanya waimbaji waonekane. Na tunasema msimamo wetu mapema, ili hata asiyefika mwisho ajue tumesimama wapi: tunataka kazi ya taa na jukwaa ihesabiwe kuwa taaluma ya vijana wakimbizi, tunataka ifundishwe hapahapa Nakivale, na tunataka ilipwe.

Kila mwaka tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, uwanja unajaa. Ni vilevile kwenye siku ya wanawake, siku ya kufunga mradi, mikutano mikubwa ya injili na mashindano ya vipaji. Sisi vijana tunapanda jukwaani. Tunaimba, tunacheza, tunapiga ngoma za Burundi, tunarap kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Kisomali. Wageni wanapiga makofi, tunapigwa picha. Vizuri kabisa. Lakini hebu siku hiyo mzunguke nyuma ya jukwaa. Asubuhi lori limekuja toka Mbarara, zaidi ya kilomita 50, likiwa na spika, taa, vyuma vya jukwaa, jenereta, na vijana sita au saba wa kuvifunga. Usiku, hata vumbi halijatulia, lori lilelile linageuza. Linarudi na taa, linarudi na waya, linarudi na pesa yote ya ufundi. Sisi tunabaki na mashimo uwanjani na picha kwenye simu.

Hatuwasemi vibaya mafundi wa Mbarara, hata kidogo. Wamekuja kufanya kazi yao na wanaijua. Wengine wao wamewaonyesha wenzetu jinsi ya kukunja waya bila kuuvunja ndani, na hilo si dogo. Swali letu ni jingine. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958, ni moja ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Watu wamezaliwa hapa, wameoa hapa, wamezikwa hapa. Inakuwaje miaka yote hiyo, kila tukitaka kuangaza sherehe yetu wenyewe, tuazime mpaka mtu wa kubonyeza kitufe?

Jibu moja ni hili: kila mradi wa vijana unaokuja unatafuta "vipaji", na kipaji kwa watu wengi maana yake ni sauti, miguu au sura. Tumeona mafunzo ya uimbaji, ya dansi, ya maigizo, ya kutengeneza video kwa simu. Tunashukuru. Lakini katika kundi la vijana mia moja, waimbaji watakaoishi kwa kuimba ni wangapi? Tuseme ukweli, hata Mbarara mjini kwenyewe, anapotoka Ray G mmoja kuna mamia waliobaki na nyimbo zao kwenye flashi. Ila katika kila shoo moja ya msanii huyo mmoja kuna watu wengi wanaolipwa bila kuimba: wa sauti, wa taa, wa jukwaa, wa umeme, dereva, mlinzi. Mlango huo ni mpana kuliko ule wa kipaza sauti. Sisi wote tumejipanga foleni kwenye mlango mwembamba.

Kazi yenyewe ni ipi?

Wengi wakisikia "fundi taa" wanafikiri ni mtu wa kuwasha na kuzima. Basi tueleze, maana hata wazazi wetu wanatuuliza: mwanangu, hiyo nayo ni kazi?

Kazi hii iko na ngazi. Chini kabisa kuna mbeba waya. Anashusha makasha, anakunja, anapanga, anajifunza majina ya vitu. Juu yake kuna fundi msaidizi anayefunga taa kwenye vyuma na kuweka waya wa usalama, ile kamba ya chuma inayoizuia taa isimwangukie mtu kama kishikizo kikiachia. Halafu kuna mwendesha taa, yule anayekaa mbele ya meza ya kuongozea, anasikiliza wimbo na kubadilisha rangi. Halafu mkuu wa taa, anayechora mpango wa taa zote. Na juu ya wote hao, pamoja na watu wa sauti na jukwaa, kuna meneja wa ufundi.

Meneja wa ufundi huonekana kidogo sana, lakini bila yeye shoo hamna. Wiki kadhaa kabla, yeye ndiye anayesoma karatasi ya mahitaji ya msanii na kuuliza: kifaa hiki tuko nacho? Kama hatuna, tuweke nini badala yake? Anakwenda kuona uwanja kabla ya siku. Anapima lori litaingilia wapi, jenereta itakaa wapi ili moshi na kelele visiwafikie watu, mvua ikija maji yatapita wapi. Anahesabu uzito wa kila kitu kitakachoning'inia juu. Anapanga saa: saa moja asubuhi jukwaa, saa tatu umeme, saa tano taa juu, saa nane majaribio. Anapanga chakula cha mafundi. Na shoo ikiisha, watu wote wakienda kulala, yeye bado yupo anahesabu makasha.

Karibu kila meneja wa namna hiyo alianzia chini. Hii si kazi ambayo lazima uwe na digrii ndipo uingie. Unaingia na mikono na masikio, unapanda kwa kuaminika. Kwa kijana aliyekimbia na kuacha diploma yake kwenye nyumba iliyochomwa, au ambaye vyeti vyake vya Kongo hapa Uganda vinamsubirisha miaka vilinganishwe, kazi ya namna hii ni neema. Haikuulizi kwanza umesoma wapi. Inakuuliza: unajua au hujui?

Hesabu ndogo ya umeme

Watatuambia taa za tamasha ni mambo ya wazungu na matajiri. Zamani ilikuwa hivyo karibu. Sasa hivi siyo, na tunaweza kuonyesha kwa hesabu.

Taa ya jukwaa ya kizamani, ile kubwa ya mkebe, inakula wati 1000. Ukifunga 12, ni wati 12,000. Ukigawanya kwa volti 240 unapata ampia 50. Hapo unahitaji jenereta kubwa, waya mnene, na mtu anayejua umeme vizuri. Halafu kila ukitaka rangi nyingine inabidi upande ubadilishe karatasi ya rangi mbele ya taa.

Sasa chukua taa 12 za LED, kila moja wati 150. Jumla ni wati 1,800. Gawanya kwa 240: ampia saba na nusu. Jenereta ndogo, kama hizi zinazowasha saluni na vibanda vya sinema vya kwetu, inazibeba na bado inabaki na nafasi ya muziki wa kadiri. Na taa moja inatoa nyekundu, kijani, buluu na mchanganyiko wake bila mtu kupanda juu.

Tuendelee kidogo. Taa hizi zinaongozwa na lugha ya waya inayoitwa DMX512, iliyotungwa Marekani mwaka 1986. Waya mmoja unabeba njia 512. Kama kila taa yako inatumia njia saba, taa ya kwanza unaipa anwani 1, ya pili 8, ya tatu 15, na ya kumi na mbili inaangukia 78. Yaani mtoto anayejua kuhesabu kwa saba anaweza kuanza. Mwisho wa mnyororo unaweka kizibo cha ohm 120, la sivyo taa zinaweza kuanza kuchezacheza zenyewe na watu watasema ni mashetani. Na siyo lazima ununue meza ya bei ya gari. Iko programu ya bure inaitwa QLC+, inakaa kwenye laptopu ya kawaida. Ukiwa na hiyo laptopu na kiunganishi kidogo cha USB, unaendesha taa.

Tumeandika namba hizi zote makusudi, ili kijana anayesoma hapa aone kwamba hamna uchawi. Ni kugawanya, kuzidisha, na uangalifu.

Wakongo na taa si wageni

Kuna jambo wengi wetu hatukufundishwa. Septemba 1974, Kinshasa ilifanya tamasha la siku tatu, Zaire 74, lililoandaliwa pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Waliimba James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco, Tabu Ley. Mmoja wa mafundi waliofanya kazi hapo alikuwa Chip Monck, Mmarekani aliyesimamia taa za Woodstock mwaka 1969. Pambano lenyewe, tarehe 30 Oktoba, lilipigwa karibu saa kumi alfajiri ili Marekani waangalie jioni yao. Fikirini: uwanja mzima wa Kinshasa, giza la alfajiri, na dunia nzima inatazama. Wote tunalijua jina la Ali. Nani anajua jina hata moja la Mkongo aliyevuta waya usiku ule? Walikuwepo. Vitu vile havikujibeba vyenyewe.

Miaka saba baadaye, 1981, kampuni moja ya Texas ilitoa kwa mara ya kwanza taa inayogeuka na kubadili rangi yenyewe, ikatumika kwenye ziara ya bendi ya Genesis. Waliobuni taa ile, Vari-Lite, walitoka Showco, kampuni iliyojulikana kwa kukodisha sauti. Yaani mafundi wa spika ndio walioamka wakaigeuza dunia ya taa. Leo, Fally Ipupa akijaza ukumbi mkubwa wa La Défense pale Paris, kama alivyofanya Novemba 2023, nyimbo ni zetu, lugha ni yetu, na nusu ya kinachowapagawisha watu ni taa. Hiyo nusu nayo tunaitaka.

Mtu mwenye haki ya kusema hapana

Sasa tufike kwenye sababu iliyo moyoni mwetu zaidi, maana mpaka hapa mtu anaweza kudhani tunatafuta pesa tu.

Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye shoo ya Fally huyohuyo katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa, watu 11 walikufa katika msongamano. Miezi miwili baadaye, usiku wa mwaka mpya wa 2023, hapa Uganda, kwenye jengo la Freedom City upande wa barabara ya Entebbe, watu wasiopungua tisa walikufa, wengi wao watoto na vijana, wakisongamana kwenye njia ya kutokea kwenda kuona fataki. Hawakuuawa na vita. Walikwenda kufurahi.

Hatusemi taa peke yake ingewaokoa, na hatumhukumu mtu. Tunachosema ni kwamba kwenye shoo iliyopangwa vizuri kuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza: milango mingapi iko wazi? Njia ya kutokea iko na taa? Uwanja umejaa, nani anasimamisha kuingiza watu? Jenereta ikizima, watu elfu tatu watakuwa gizani, taa ya dharura iko wapi? Na akiona hapako sawa, ana haki ya kusema hapana, hatuanzi. Hata kama mgeni rasmi ameshafika. Hata kama msanii anapiga kelele.

Hapa kwetu nani anasema hapana? Tumeona wenyewe. Katika sherehe moja, ambayo hatutaitaja wala waandaaji wake, upepo wa alasiri ulianza kuvuta kile kitambaa kikubwa cha nyuma ya jukwaa kama tanga la mtumbwi. Vyuma vikaanza kulia. Mwenzetu mmoja, aliyewahi kufunga majukwaa kabla hajakimbia, akaenda kusema kitambaa kishushwe. Akaulizwa: wewe ni nani? Huna fulana ya kampuni, huna kitambulisho cha shughuli, toka. Mungu alisaidia upepo ukatulia. Lakini watoto wetu walikuwa wamekaa chini mbele kabisa, miguuni pa jukwaa lile. Kitu kikianguka hakitauliza kama wewe ni mkimbizi au raia.

Sisi ni watu tuliozoea kuambiwa. Kaa hapa, panga foleni pale, subiri jina lako. Kazi ya meneja wa ufundi ni moja ya kazi chache ambazo kijana wa kwetu angeweza kusimama mbele ya wakubwa na neno lake likasikilizwa, kwa sababu amepima, amehesabu, na anajua. Tunaitaka kwa pesa, ndiyo. Tunaitaka pia kwa hiyo heshima ya kulinda watu wetu wenyewe.

"Taa hailiwi"

Tunajua mtakayotujibu. Tumeyasikia mikutanoni, na mengine tumeyasikia nyumbani.

La kwanza: taa hailiwi. Mwaka 2025 WFP ilitangaza kuwaondoa karibu wakimbizi milioni moja wa Uganda kwenye msaada wa chakula, na mama zetu wanajua maana yake kwenye sufuria. Katika hali hiyo mnaongea taa? Ndiyo, na hasa katika hali hiyo. Msaada ukipungua, kinachobaki ni kazi. Shamba letu lina ukubwa wake na mvua ina hiari yake. Lakini harusi haziishi. Dote za Wakongo, harusi za Wasomali, mikutano ya makanisa, mahafali ya shule, misiba ya watu wakubwa: kila wiki hapa kuna mtu anakodi muziki na taa, na mara nyingi anakodi toka nje. Hiyo pesa tayari ipo. Inatoka mifukoni mwetu sisi maskini, inapanda lori.

La pili: mkiwafundisha watahamia Kampala. Wengine watahama, kweli. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea ndani ya Uganda, kwa hiyo wakihama hawajaiba kitu. Kuna matamasha kama Nyege Nyege, lililoanzia Jinja mwaka 2015, na AFCON ya 2027 imepewa Uganda, Kenya na Tanzania. Mashindano kama hayo yanavuta sherehe, na sherehe zinataka mafundi. Kwani kijana akipata kazi Kampala akamtumia mama yake pesa kwa simu, Nakivale imepoteza nini? Mbona yule anayekwenda kuosha magari Mbarara hatumwulizi swali hili?

La tatu: hii ni kazi ya wanaume, kupandapanda. Tunakataa. Mwendesha taa anakaa. Mkuu wa taa anachora. Meneja anapanga na kuhesabu. Na hata kupanda kunataka mkanda wa usalama na akili, siyo ndevu. Dada zetu wanaobeba jerikeni la lita 20 kutoka kwenye bomba mpaka nyumbani, nani atawaambia taa ya kilo saba ni nzito?

La nne ndilo gumu zaidi: vifaa ni ghali, vikiharibika nani atalipa? Hili tunalikubali kuwa ni tatizo la kweli, na kwa sababu hiyo hatuombi tupewe lori zima la vifaa kesho. Tumeona vifaa vya msaada vikifungiwa stoo mpaka panya wakala waya, kwa sababu aliyevileta hakuacha mtu wa kuvitunza. Mtu kwanza, kifaa baadaye.

Wengine wamefanya

Huko Malawi, kambi ya Dzaleka, Mkongo mkimbizi, mshairi Menes La Plume, alianzisha mwaka 2014 tamasha la Tumaini ndani ya kambi yenyewe. Watu wanatoka Lilongwe kwenda kambini kuburudika. Safari imegeuka: badala ya mkimbizi kwenda mjini kutafuta, mji unakwenda kambini na pesa yake. Mwaka huohuo, Februari, Goma ilifungua tamasha la Amani, na kuna wenzetu hapa waliokulia pale wanaokumbuka jukwaa likisimama katika mji uliokuwa umechoka na vita. Na hapa Uganda, Bidibidi wilayani Yumbe, wakimbizi wamejengewa kituo cha sanaa chenye ukumbi wa wazi wa kufanyia maonyesho.

Kwa hiyo tusiambiane haiwezekani. Ila tuangalie vizuri: ukumbi bila fundi ni jengo tu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fundi wa mbali hatazima moto wa waya wako usiku wa manane.

Tunachoomba, na tunachoahidi

Kwa mashirika yanayoandaa shughuli hapa: mnapoandika mkataba wa kukodi jukwaa na taa, ongezeni mstari mmoja. Kampuni ichukue vijana wawili wa Nakivale kama wanafunzi wa kazi, mvulana na msichana, toka kushusha makasha mpaka kuyapakia, na walipwe. Tukisema walipwe tunamaanisha walipwe. Siyo soda na fulana. Mnatuambia tutapewa posho, na hapa Uganda posho ni ugali, basi kweli wakati mwingine tunapewa ugali. Mwanafunzi wa kazi ana jasho kama wengine.

Kwa wenye kampuni za Mbarara: hatuji kuwanyang'anya soko. Mkiwa na vijana wanne hapa mnaowaamini, hamna haja ya kubeba watu saba kwenye lori, kuwalisha na kuwalaza. Mtapunguza gharama, na sisi tutajifunza. Mkiwa na waya wa kutupa, tupeni kwetu. Kuunganisha waya uliokatika ndilo somo la kwanza.

Kwa wanaoshughulikia elimu: Uganda kuna utaratibu wa kupima ufundi wa mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kumdai miaka ya darasani. Kijana aliyejifunza umeme kwa mikono anaweza kupimwa ufundi wa umeme. Tunaomba ada na usafiri wa kupimwa viingizwe kwenye miradi ya vijana. Cheti kile kinaongea mahali ambapo kadi yetu ya mkimbizi inatazamwa mara mbili.

Kwa wazazi wetu: msimcheke mtoto anayefungua redio mbovu kuangalia ndani. Mkatazeni kugusa umeme wa moto, lakini mpeni bisibisi.

Na kwetu sisi wenyewe vijana, hapa hatutajipendelea. Kazi hii haitaki mtu wa kuchelewa. Ukiambiwa saa moja ni saa moja. Haitaki mlevi juu ya vyuma. Haitaki mtu anayeona taa moja ya mwenye mali akafikiri hataikumbuka. Taa moja ikipotea Nakivale, vijana wote wa Nakivale tutaitwa wezi kwa miaka kumi. Anayetaka kuingia aingie akijua hilo.

Sisi tumeshaanza kidogo, kwa tulichonacho. Tunakutana Jumamosi mchana, tunasoma hesabu za ampia kwenye ubao, tunajifunza QLC+ kwenye laptopu moja ya kuazima, tunafunga mafundo ya kamba. Taa zenyewe bado hatuna. Tunafanya mazoezi na balbu za nyumbani nne zilizopakwa rangi za kucha, na msicheke, maana kanuni ni ileile. Nafasi ipo kwa mwenye kujua kuzidisha na mwenye nia ya kujifunza. Anayejua zaidi yetu aje atufundishe. Kama wewe ni mzee uliyewahi kufanya kazi hii Bukavu, Bujumbura, Mogadishu au Kigali, na umekaa tu kimya kwenye kibanda chako ukidhani hakuna anayehitaji ujuzi huo tena, baba, mama, tunakuhitaji wewe kuliko jenereta.

Mpelekee mwenzako andiko hili, hasa yule anayeandaa shughuli ya Juni ijayo. Bado kuna muda wa kuongeza mstari mmoja kwenye mkataba.